Msalaba uliochongwa katika lino: kazi na mafundisho ya Bruce Onobrakpeya

Kuna jambo moja ambalo mapadri na wakatekista tunalipita kila Ijumaa ya Kwarezima bila kulitazama sana: picha zenyewe za Njia ya Msalaba. Tunasimama mbele yake, tunapiga magoti, tunasali, tunaimba, kisha tunakwenda kwenye kituo cha pili. Nani aliichora picha ile? Alifundishwa na nani? Kwa nini Pilato ana uso huu, na kwa nini wanawake wa Yeruzalemu wamevaa namna hii? Katika makanisa mengi ya misioni za Kongo picha hizo zilitoka Ulaya. Zilipigwa chapa kwa mamia, zikafika katika masanduku pamoja na kalisi na mavazi ya Misa. Zimewasaidia wazee wetu kusali, na hatutazitukana. Lakini mkristu wa Runingu, mtu wa bonde la Ruzizi anayelima mihogo na kushuka Uvira kuuza, anayo haki ya kuuliza: Je, mkono wa mtu wetu hauwezi kuchora mateso ya Bwana? Na kama unaweza, nani ataufundisha?

Tunataka kulijibu swali hilo kwa kupima kazi ya mtu mmoja wa Afrika aliyechora vitabu, akachonga picha za kupiga chapa, akafundisha wanafunzi kwa miaka mingi, na akaonyesha kazi yake kwetu Afrika na ng’ambo. Huyo ni Bruce Onobrakpeya wa Nijeria. Tutamsifu panapofaa kusifiwa, na tutasema bila woga pale ambapo kazi yake inatuachia shaka. Maana kusifu bila kupima si heshima. Ni uvivu tu.

I. Mtu na njia yake

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1932 katika Agbarha-Otor, nchi ya Waurhobo, kusini mwa Nijeria. Baba yake alikuwa mchongaji wa miti. Kijana alikulia Benin City, mji unaojulikana duniani kote kwa sanamu zake za shaba. Kabla ya kusoma masomo makubwa ya uchoraji alikuwa tayari mwalimu wa watoto. Mwaka 1957 aliingia chuo cha Zaria, kaskazini mwa nchi, akamaliza mwaka 1961, na mwaka 1962 akapata cheti cha ualimu.

Huko Zaria yeye na wenzake, kama Uche Okeke, Demas Nwoko na Yusuf Grillo, walianzisha mwaka 1958 chama cha wanafunzi wachoraji. Walimu wao wengi walikuwa Wazungu, na mafundisho yalikuwa ya Ulaya. Vijana hao hawakuyatupa. Walisema tu: tutachukua kilicho kizuri kwao, tutakiunganisha na kilicho kizuri kwetu, na muungano huo uwe wa asili, si wa kulazimisha. Waseminari wetu wanaosoma namna Mababa wa Eklezya walivyotumia hekima ya Wagriki wataona mara moja kwamba wazo hilo si geni.

Tunapenda kukumbusha neno moja dogo. Maonyesho yake ya kwanza peke yake, mwaka 1959, hayakuwa Lagos wala London. Yalikuwa Ughelli, mji wa karibu na kijiji alipozaliwa. Alianza kwa kuwaonyesha watu wa kwao.

Halafu vitabu vilimwita. Alichora picha za No Longer at Ease cha Chinua Achebe, za An African Night’s Entertainment cha Cyprian Ekwensi, na za kitabu cha D. O. Fagunwa ambacho Wole Soyinka alikitafsiri katika Kiingereza na kilichotoka mwaka 1968. Kazi ya kuchora vitabu ina kanuni yake: picha inapashwa kulitumikia neno. Mchoraji wa kitabu hawezi kusema analotaka. Anasoma kwanza, anasikiliza, kisha anachora. Tunaamini kwamba utii huo ulimtayarisha kwa kazi kubwa zaidi, ile ya kulichora Neno la Evanjili.

Tangu mwaka 1963 mpaka 1980 alikuwa mwalimu wa uchoraji katika St Gregory’s College, koleji ya Wakatoliki mjini Lagos. Miaka 17! Jina lake lilikuwa linakua mwaka hata mwaka, lakini hakuliacha darasa.

II. Njia ya Msalaba

Katika miaka 1966 na 1967 alichora vituo 14 vya Njia ya Msalaba kwa ajili ya kanisa la Mtakatifu Paulo la Ebute Metta, mjini Lagos. Mwaka 1969 alivirudia vituo hivyo kwa kuvichonga katika lino na kuvipiga chapa juu ya kartasi. Tukumbuke miaka hiyo. Tangu Julai 1967 mpaka Januari 1970 Nijeria ilikuwa katika vita ya Biafra. Wakati wenyeji wa nchi moja walipokuwa wakiuana, mtu huyu alikuwa ameinama juu ya ubao wake akichonga kifo cha Mwenye haki. Hatusemi kwamba alitaka kuchora vita hiyo. Tunasema tu kwamba sisi wa Uvira na Ruzizi, tuliopitiwa na vita tangu mwaka 1996, hatuwezi kuzitazama picha hizo bila kufikiri jambo hilo.

Wasomaji wengine hawajaona namna ya kazi hii, basi tuieleze. Lino ni kitu cha kutandika sakafuni, kinachotengenezwa kwa mafuta ya kitani na unga wa kizibo juu ya kitambaa kigumu. Ni laini kupita mbao. Mchongaji anachora picha juu yake, kisha kwa kisu na patasi ndogo anaondoa sehemu zote zinazopashwa kubaki nyeupe. Zile alizoziacha anazipaka wino kwa kibiringizo, anaweka kartasi juu, anabonyeza, anaibandua: picha imetoka. Mambo mawili yanamfundisha mchongaji unyenyekevu. La kwanza: alichokiondoa hakirudi tena. La pili: picha inatoka imegeuzwa, kuume kumekuwa kushoto. Anayechonga maneno INRI juu ya msalaba inapashwa ayachonge kinyume, la sivyo yatatoka kinyume.

Namna hii ya kazi si mpya katika Eklezya. Kabla vitabu havijakuwa vingi Ulaya, watu maskini walinunua picha za watakatifu zilizochongwa katika mbao na kupigwa chapa. Moja inayojulikana sana, ya Mtakatifu Kristofori, ina mwaka 1423. Albrecht Dürer wa Ujerumani alitoa mwaka 1511 kitabu cha picha ndogo za Mateso ya Bwana kwa njia hiyo hiyo. Tangu mwanzo, basi, picha ya chapa ni picha ya maskini. Sanamu ya marimari inakaa mahali pamoja. Picha ya chapa inakwenda nyumbani kwa watu.

Sasa tuseme uzuri wa vituo vile vya mwaka 1969. Kwanza, hakuna kitu ndani yake kilichoazimwa bila kueleweka. Watu wa mateso ni watu wa Afrika, na nguo zao zina mapambo ya adire, vitambaa vile ambavyo wanawake Wayoruba wanavitia rangi ya nili. Mapambo hayo yanaelewana na lino: mstari wa kisu na mstari wa kitambaa ni ndugu. Mchoraji hakuchukua picha ya Italia na kuipaka nyuso rangi nyeusi, kama wengine walivyofanya wakidhani wamemaliza kazi. Aliifikiri upya picha nzima: mahali pa mtu, ukubwa wake, uzito wa msalaba, nafasi ya weusi na weupe.

Pili, yeye ni Murhobo, lakini hakuifanya nchi ya Waurhobo kuwa kipimo cha Evanjili. Aliishi Lagos kati ya Wayoruba, akachukua vitambaa vyao. Alikulia Benin, akayabeba ya Benin. Alisoma Zaria, kati ya Wahausa, akajifunza na ya huko. Hili ni jambo kubwa kupita linavyoonekana, na tutalirudia.

Lakini tunapashwa kusema pia shaka zetu. Ya kwanza ni ya macho. Mapambo ya Onobrakpeya ni mengi sana. Yanaijaza picha kutoka pembe mpaka pembe, hata mara nyingine nguo inasema kwa sauti kubwa kupita kidonda. Mtu anayetazama kwa kujifunza atafurahi. Atakuta kitu kipya kila mara. Lakini mama mzee anayesali, mwenye macho yaliyochoka, katika kanisa lenye madirisha madogo, anahitaji kumwona Bwana kwanza, na mapambo baadaye. Picha ya sala si sawa na picha ya kitabu. Katika kitabu msomaji anakaa na picha mbele ya macho yake. Katika kanisa anasimama mbali, tena kati ya watu. Dürer alilijua jambo hilo: katika picha zake nyingi kuna mahali pa kupumzisha macho. Huyu wetu hapumzishi sana.

Shaka ya pili ni ya fundisho. Yezu Kristu alizaliwa Muyahudi, katika nchi fulani, kwa mama fulani, chini ya utawala wa Ponsyo Pilato. Tunalisema katika Nasadiki. Tukimvika kikwembe cha kwetu, je, hatutawafanya watoto wasahau kwamba mambo hayo yalitokea kweli, mahali pamoja na wakati mmoja, wakadhani ni hadithi kama za sungura na fisi? Tunajibu hivi: hatari hiyo ipo, lakini ipo vilevile katika picha za Ulaya. Yezu mwenye nywele za dhahabu na macho ya bluu si Muyahudi wa Galilaya hata kidogo. Wachoraji wa Italia na wa Flandria walimvika nguo za miji yao, nao hawakulaumiwa. Dawa ya hatari hiyo haiko katika picha. Iko katika kinywa cha katekista. Aseme kwanza: “Mambo haya yalitokea Yeruzalemu.” Kisha aongeze: “Na mchoraji anatuonyesha kwamba yanatuhusu sisi.” Maneno hayo mawili yakisemwa pamoja, picha haidanganyi mtu.

Tena Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Konstitusyo juu ya Liturjia ya tarehe 4 Desemba 1963, ulisema wazi kwamba Eklezya haikuifanya namna moja ya sanaa kuwa yake peke yake, na kwamba sanaa ya mataifa yote ipewe nafasi, mradi itumikie nyumba za Mungu kwa heshima inayostahili. Basi ruhusa si swali tena. Swali ni uwezo na busara.

III. Mwalimu anatoa nini?

Onobrakpeya mwenyewe alijifunza kupiga chapa namna gani? Katika miaka 1963 na 1964 alihudhuria masomo mafupi yaliyoongozwa na Ru van Rossem, mchoraji kutoka Uholanzi, huko Ibadan na Oshogbo. Mgeni yule hakukaa miaka. Alionyesha vyombo, alionyesha namna ya kuvitumia, akarudi kwao. Waliobaki walijitafutia.

Tunalisisitiza jambo hilo, sababu katika Afrika tumeona namna nyingi za mwalimu. Hapa Kongo, Frère Marc-Stanislas wa Wandugu wa Masomo ya Kikristu alianzisha mwaka 1943, katika Gombe-Matadi, shule ya sanaa ya Mtakatifu Luka, iliyohamia Léopoldville mwaka 1949 na kuwa baadaye Academia kubwa ya mji ule. Katika Elisabethville, Pierre Romain-Desfossés alifungua mwaka 1946 karakana yake, akakataa kuwafundisha vijana namna ya Ulaya. Kwa hiyo Pilipili, Bela na Mwenze walipata kila mmoja namna yake: Bela alichora kwa vidole vyake, Mwenze kwa mistari mifupi iliyofuatana kama kazi ya kusuka. Matunda ni mazuri, hatukani mtu. Lakini walionunua picha zile walikuwa zaidi Wazungu, na mwalimu alipokufa mwaka 1954 karakana haikuweza kusimama peke yake. Iliingizwa katika Academia ya Laurent Moonens.

Ng’ambo ya ziwa letu, katika Dar es Salaam, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll alianzisha mwaka 1972 Nyumba ya Sanaa. Huko George Lilanga, Mmakonde aliyefika kama mlinzi wa nyumba, akawa mchoraji wa kujulikana sana mpaka kufa kwake mwaka 2005. Na Afrika ya Kusini, Peder na Ulla Gowenius, Waprotestanti kutoka Uswedi, walianza mwaka 1962 kazi iliyohamia baadaye Rorke’s Drift. Azaria Mbatha alikutana na fundisho lao hospitalini alipokuwa anaugua kifua kikuu, akawa mchongaji wa lino anayeeleza Biblia, hadithi ya Musa na ya Daudi, katika vyumba vidogo vya picha vinavyofuatana kama kurasa.

Ukiyalinganisha haya yote, utaona kwamba mwalimu anaweza kutoa vitu vitatu: vyombo, macho, au mkono wake mwenyewe. Anayetoa vyombo anamweka mwanafunzi huru. Anayetoa macho, yaani anayemfundisha kutazama mti, uso, kidonda, anamtajirisha. Lakini anayetoa mkono wake anamtia utumwani, sababu mwanafunzi atachora sawa na mwalimu, na mwalimu akiondoka atabaki anamrudia kama kasuku. Sisi wa seminari tunajua vizuri hatari hiyo: kuna mahubiri mengi yanayosemwa kwa sauti ya profesa fulani!

Onobrakpeya aliijua hatari hiyo kwa namna moja isiyofundishwa darasani: ajali. Mwaka 1967 tindikali iliyaharibu mabamba yake ya zinki. Badala ya kuyatupa, aliyatengeneza kwa gundi ngumu, akaona kwamba sehemu zile zilizoinuka na kushuka zinatoa picha yenye kina ambacho kisu peke yake hakikuweza kutoa. Kutoka hapo akapata njia mpya aliyoiita plastografu. Fundisho lake kwa wanafunzi liko hapa zaidi kuliko katika maneno: kazi iliyoharibika iulizwe kwanza, kabla haijatupwa.

Mwaka 1998 alianzisha katika kijiji chake, Agbarha-Otor, masomo ya Harmattan, yenye jina la upepo mkavu unaoshuka kutoka jangwa la Sahara. Kila mwaka wachoraji na wachongaji, vijana na wazee, wanakusanyika huko, kila mmoja akimfundisha mwenzake. Angaliweza kuyaweka Lagos, ambako wako wanunuzi, magazeti na mabalozi. Aliyaweka kijijini. Hapa hatuna shaka hata moja, tunasifu tu. Mtu aliyepokea vyombo katika masomo mafupi amevirudisha kwa njia ile ile, kwa watu wengi, katika nchi ya baba yake mchongaji.

IV. Kuonyesha na kuuza

Kazi ya Onobrakpeya imekwenda mbali. Alikaa kwa muda katika shule ya Haystack, Marekani, mwaka 1975. Alitajwa kwa heshima katika maonyesho makubwa ya Venezia mwaka 1990. Kazi zake zilionyeshwa katika Tate Modern, London, mwaka 2001. UNESCO ilimheshimu mwaka 2006. Na mwaka 2023 jumba la High Museum la Atlanta lilifungua maonyesho yaliyoitwa The Mask and the Cross, yaani Kinyago na Msalaba. Yalifika Washington mwaka 2024, katika jumba la taifa la sanaa ya Afrika. Vituo 14 vya Njia ya Msalaba vilikuwa kati ya kazi zilizoonyeshwa.

Tufurahi. Mtoto wa mchongaji wa kijiji ameheshimiwa. Lakini padri anayefikiri atajiuliza: Njia ya Msalaba iliyotundikwa katika jumba la maonyesho ni Njia ya Msalaba bado? Watu wanapita, wanasoma jina na mwaka, wanasifu mstari, wanakwenda kunywa kahawa. Hakuna anayepiga goti. Kituo cha kumi na mbili kinatazamwa sawa na kituo cha tatu. Hatuwalaumu watu wa majumba hayo. Wanatunza vizuri, na kartasi ambayo katika kanisa letu ingeliwa na mchwa huko itadumu miaka mingi. Lakini picha ya sala isiyosaliwa ni kama kengele iliyowekwa katika kabati la vioo.

Hapa tunaona hekima ya kuchagua chapa. Mchoraji wa rangi akiuza picha yake, imekwenda. Kanisa limebaki na ukuta mtupu. Mchongaji wa lino anaweza kupeleka kartasi moja Washington na nyingine Ebute Metta, na zote mbili ni kazi ya kweli ya mkono wake. Picha ya chapa haimlazimishi mtu kuchagua kati ya heshima ya dunia na haja ya ndugu zake. Anaweza kuuza ghali kwa tajiri na kumpa maskini kwa bei ya kartasi. Anaweza, lakini je, anafanya? Kadiri jina linavyokua, bei inapanda, na picha ya chapa inaanza kuhesabiwa kama dhahabu: nambari ya kwanza, nambari ya pili, na baada ya hapo ubao unafungwa. Hilo ndilo lawama letu, si juu ya mtu huyu peke yake, bali juu ya desturi nzima ya soko la picha. Kitu kilichozaliwa kwa ajili ya maskini kimefundishwa kuwakimbia.

V. Na Runingu?

Sasa tushuke bondeni kwetu. Tuseme parokia moja ya Ruzizi inataka Njia ya Msalaba iliyochongwa na vijana wake. Mbao 14 laini, visu vichache vilivyonolewa vizuri, wino wa chapa, kibiringizo, kartasi. Mashini ya kubonyeza si ya lazima: mgongo wa kijiko cha mti unatosha, ukisuguliwa kwa uvumilivu. Kama parokia ina makanisa madogo 30 ya vijijini, mbao hizo 14 zitatoa kartasi 420, na kila kanisa litapata vituo vyake vyote. Hakuna mchoraji wa rangi anayeweza kufanya hivyo. Mchwa akila, ubao upo. Tunapiga chapa tena.

Lakini kuna jambo gumu kupita mbao na wino, na hapa ndipo tunaporudia lile tuliloliahidi. Ukiyaleta mateso ya Bwana katika nchi yako, huleti Yezu peke yake. Unamleta na Pilato, na Yuda, na askari wanaopiga misumari, na umati unaopiga kelele. Nani tutamvika nguo za askari? Umati ule utakuwa na sura ya nani, vazi la nani, ng’ombe wa nani, jembe la nani? Katika nchi yetu makabila mengi yanakaa kati ya ziwa na milima, na damu imemwagika kati yao. Picha moja tu, ambamo mwenye kosa anajulikana kwa vazi lake, ingeweza kuifanya Njia ya Msalaba kuwa silaha. Wakristu wa Ulaya walifanya dhambi hiyo: kwa karne nyingi wachoraji wao waliwapa Wayahudi nyuso za kuchukiza katika picha za mateso, na chuki ile ilizaa matunda ya kutisha. Mtaguso wenyewe, mwaka 1965, ulisema kwamba mateso ya Bwana hayawezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa wakati ule bila kubagua, wala juu ya wale wa leo.

Kwa hiyo mfano wa Onobrakpeya unatufaa hasa pale ambapo hakuchukua kabila lake kuwa kipimo. Tunaomba vijana watakaochonga kwetu wafuate kanuni tatu. Kwanza, vitu vizuri vya picha, nguo ya Mama Maria, kitambaa cha Veronika, mkono wa Simoni wa Kirene, vitoke kwa makabila yote, kusudi kila mmoja amkute ndugu yake kati ya waliomsaidia Bwana. Pili, wakosefu wasipewe alama ya mtu yeyote. Wapewe sura ya binadamu tu, kusudi kila mmoja ajiulize: Je, si mimi? Tatu, kazi isifanywe na mkono wa upande mmoja. Vijana wa pande zote wakae meza moja, na mbao zigawanywe kati yao. Kabla Njia ya Msalaba haijafika ukutani, itakuwa imekwisha kufanya kazi yake mezani.

Padri asimame mbali kidogo. Atoe vyombo, aeleze Evanjili, asahihishe fundisho likikosewa, lakini asichukue kisu cha kijana na kuchonga badala yake. Katekista naye awe mpimaji wa kwanza: apeleke kartasi ya majaribio kijijini, aitundike, akae nyuma ya watu, asikilize wanachosema. Mzee akiuliza “Yezu yuko wapi?”, mapambo yamezidi, ubao uchongwe upya. Mtoto akielekeza kidole na kusema “yule ni wa kabila fulani”, ubao uwekwe pembeni kabisa. Maonyesho ya kwanza yafanywe Runingu kabla ya Uvira, na Uvira kabla ya Bukavu. Wakija wageni kununua, wauziwe bila haya, na feza inunue kartasi ya vijiji vingine.

Onobrakpeya alikuwa na baba mchongaji na masomo mafupi ya mgeni. Mengine yalitoka katika uvumilivu wake. Watoto wa wachongaji wako kwetu pia, na mbao hazikosekani. Tunawaomba mapadri wa Ruzizi na wa pwani ya ziwa wasingoje shule kubwa ifunguliwe. Kwarezima ijayo, parokia moja ichonge kituo kimoja tu, kile cha tano, ambamo mtu mmoja aliyetoka shambani analazimishwa kumsaidia mwenzake asiyemjua kubeba msalaba. Ipige chapa, iitume kwa jirani, na jirani achonge cha sita.